Kiingereza cha kitaaluma kwa wanafunzi wa uhandisi: mtandaoni au darasani?

Ng'wana Magu: Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, mdogo wangu ameanza mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi hapa Mwanza, na ameambiwa kwamba Kiingereza cha kitaaluma, kilichomo katika somo la Stadi za Mawasiliano, kitafundishwa mtandaoni muhula mzima. Mimi nililisoma somo hilo katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya 200, mhadhiri akiwa mbali kama taa ya wavuvi wa dagaa usiku: mwanga unauona, mtu humwoni. Hata hivyo, nina shaka kama simu inaweza kumfundisha mtu kuandika ripoti ya kihandisi. Naomba hoja, si kejeli.

Jiwe la Bismarck: Mtandaoni ni bora, na sioni cha kubishania. Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno (kila familia ni neno pamoja na minyumbuliko yake) ya Kiingereza cha kitaaluma, na orodha hiyo mwanafunzi anaweza kuisoma akiwa ndani ya kivuko cha Kamanga. Ugumu wa mhandisi uko kwingine, katika maneno anayodhani anayajua. "Stress" ya mtaani ni madeni, ilhali ya chuma ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. "Strain" nayo ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali. Video yenye mchoro huyatenganisha maneno hayo kwa dakika chache, nawe unairudia mara tano bila mtu kuguna. Zaidi ya hayo, simu haimcheki anayesema "road" akikusudia "load", maradhi ambayo ndugu zetu Wasukuma wanayajua.

Ng'wana Magu: Niliomba hoja, nimeletewa kabila. Hata ukitaka kututania, tutanie kwa usahihi: Kisukuma kina l na kwa asili hakina r, kwa hiyo Msukuma ndiye atakayeiita barabara "load". Anayeuita mzigo "road" umtafute Tarime, kwa Wakurya, ambao lugha yao ina r bila l.

Mtoto wa Tarime: Nilikuwa nasoma kimya, lakini nimechokozwa. Wajapani nao hawazitofautishi sauti hizo katika lugha yao, na sijasikia treni zao zikiacha reli kwa sababu hiyo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lilijengwa na makandarasi wa China, na hakuna anayelivuka huku akiuliza walilitamka vipi neno "load". Mchoro hauna lafudhi. Kilichoniaibisha mimi ni maandishi: nikiwa katika mafunzo kwa vitendo niliandika kwamba zege "should be cured for seven days", yaani itunzwe na unyevu kwa siku saba, nikiamini nimetoa amri. Msimamizi wa mkandarasi alinijibu kwa upole kwamba wamelipokea pendekezo langu. Ndipo nilipojua kwamba katika viwango vya kihandisi "shall" hulazimisha na "should" hushauri tu, na tofauti hiyo sikufundishwa ukumbini wala mtandaoni.

Mwalimu wa Buswelu: Mimi ndiye hiyo taa ya dagaa, kwa hiyo mniruhusu nijibu. Ndugu Ng'wana Magu, ukikabidhiwa ripoti 200 za kusahihisha peke yako, hata wewe utaonekana kwa mbali. Ninalokiri ni kwamba ukumbini huzungumza wale watano wa mstari wa mbele, ilhali kazi iliyotumwa mtandaoni naweza kuiandikia maoni kando ya kila sentensi, mwanafunzi akairekebisha na kuirudisha hata mara tatu. Kuandika, basi, kunaweza kwenda mtandaoni. Kusema, hapana. Mwanafunzi anayetetea mradi wake mbele ya jopo hukatizwa na watu, tena katikati ya sentensi, na kukatizwa huko hakuna video inayokufundisha kukuvumilia. Nawe ndugu wa Tarime, mchoro hauna lafudhi, lakini simu ya saiti inayo: ukiripoti kwamba "the road is too high" wakati uzito wa lori ndio uliozidi, ataletwa dereva wa greda badala ya mtu wa mizani.

Jiwe la Bismarck: Mwalimu anausahau mwaka 2020. Vyuo vilipofungwa hadi Julai kwa sababu ya korona, ukumbi wake ulisaidia nini?

Mwalimu wa Buswelu: Vilifunguliwa Juni 1, si Julai. Nami nakukumbusha Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota nchini kote: simu yako ilisaidia nini?

Jiwe la Bismarck: Masomo yangu nilikuwa nimeyapakua mapema. Na nisieleweke vibaya, sikumtukana Msukuma yeyote. Bibi yangu mzaa mama ni wa Kwimba.

Mtoto wa Tarime: Sasa bibi wa Kwimba ameitwa kutoa ushahidi juu ya Kiingereza.

Ng'wana Magu: Mdogo wangu ameyasoma yote haya, na kumbe swali langu halimsumbui. Anachouliza ni kama Mwalimu anaweza kumtazamia ripoti yake ya kwanza, ana kwa ana.

Mwalimu wa Buswelu: Ailete Jumatatu, kurasa mbili tu, na kila "should" aipigie mstari kabla hajafika.