Madoa ya lami kwenye gari jeupe: petroli, mafuta ya taa au dawa ya kopo?

Kona Kali
Wakuu, habari za mchana. Nina IST nyeupe. Barabara ninayopita kwenda kazini inawekwa lami, na ile lami nyepesi ya mwanzo wakishaimwaga magari yanapita kabla haijakauka. Sasa chini ya milango na nyuma ya matairi kumejaa vidoa vyeusi, sabuni haivigusi kabisa. Mtaani kila mtu na lake: petroli, mafuta ya taa, dawa ya kopo ya kutoa lami. Ipi haitaniharibia rangi?

Dereva Mstaafu
Petroli, mkuu. Lowesha kitambaa, futa, kwisha habari. Sisi wa malori ndivyo tulivyofanya miaka yote.

Fundi Rangi
Mzee wangu shikamoo, lakini rangi ya lori nani anaikagua?

Lami inatokana na mafuta ghafi, ndiyo maana petroli, dizeli na mafuta ya taa vyote vinaiyeyusha na maji hayaiwezi. Shida ya petroli ni kwamba inakauka kabla lami haijalainika. Unabaki unasugua, na ndani ya lile doa kuna mchanga, basi mikwaruzo hiyo. Bado sijagusa habari ya moto.

Mafuta ya taa hayana haraka. Osha gari kwanza vumbi litoke, liweke kivulini bodi ipoe. Lowesha kitambaa laini, kibandike juu ya doa dakika mbili tatu, usisugue. Ukikiinua utakuta doa limeanza kuchuruzika rangi ya kahawia. Hapo futa taratibu, na kila mkupuo geuza upande msafi. Mwisho osha kwa sabuni, maana ukiacha utelezi wa mafuta, vumbi la mji mzima litahamia kwako.

Ila kabla ya yote: hiyo rangi ni ya kiwandani au imewahi kupigwa upya?

Kona Kali
Mlango wa nyuma kushoto ulipigwa rangi mtaani baada ya kugongwa. Kwingine ni ya kiwandani.

Fundi Rangi
Basi huo mlango ushughulikie peke yake. Jaribu kwanza pembeni, chini kabisa, kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na weupe, acha mara moja. Rangi za mtaani nyingine hazikuwekewa kigumishi cha kutosha, zinalainika upesi.

Mama Vitz
Wadau, niko Nakuru. Mimi hutumia ile dawa ya kopo. Ukweli ni kwamba nyingi ni jamaa wa karibu wa mafuta taa, tofauti ni kwamba zimesafishwa zaidi, harufu si kali sana na hazibakizi utelezi mwingi. Bei ndiyo inauma. Kama ni vidoa vichache, mafuta taa yatoshe. Kama gari yote imerushiwa, nunua kopo. Na ukimaliza, paka waksi upya, kwa sababu njia zote mbili zinaondoa ile ya zamani.

Chuma Chakavu
Na thina je? Ninayo stoo.

Fundi Rangi
Iache hukohuko stoo. Ndiyo tunayochanganyia rangi, na ndiyo itakayoibandua.

Mkaa Foleni
Langu pia jeupe, ila vidoa ni rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya kalamu. Mafuta ya taa hayakufanya kitu.

Mama Vitz
Hiyo si lami. Ni chembe za chuma, nyingi hutoka kwenye breki, zimejikita kwenye rangi na kushika kutu. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, pitisha juu ya rangi iliyooshwa: utasikia ukwaruzo ambao kidole kitupu hakikuonyeshi. Kuna dawa yake, ikigusa chuma inageuka zambarau. Au tumia ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, lakini maji ya sabuni yasikauke chini yake. Ukiuangusha chini, tupa. Usiseme utausuuza.

Kona Kali
Nimeelewa. Na zile raba za milango na plastiki nyeusi?

Fundi Rangi
Mafuta ya taa yasikae hapo, raba huvimba. Yakidondokea, futa papo hapo na uoshe.

Dereva Mstaafu
Marahaba kijana. Mimi nabaki na petroli yangu, lori halijawahi kulalamika.