Forester XT ya Mbeya–Dar: ninunue faili la tyuni lililo tayari, au nitengenezewe la gari langu?

Uyole_XT

Wakuu, habari za jioni. Nina Forester SH5, 2.0 XT, injini ya EJ20 yenye turbo, giaboksi ya oto ya spidi nne. Imetoka Japani, nguvu za kiwandani ni farasi 230. Naishi Mbeya na biashara inanipeleka Dar mara kwa mara, narudi nimepakia mpaka siti za nyuma. Sitafuti mashindano. Nataka nikiwa nyuma ya semi niweze kulipita haraka na kurudi upande wangu kwa usalama.

Nimepata watu wawili. Wa kwanza yuko Dar, anaweka kwenye kompyuta ya gari faili la "Stage 1" (tyuni ya hatua ya kwanza ya kuongeza nguvu) lililo tayari, nusu saa umeondoka, laki nne. Wa pili anataka milioni moja na laki tatu. Anasema nimwachie gari kwanza alikague, kisha niendeshe na kumtumia data, arekebishe, niendeshe tena, mpaka aridhike. Laki tisa kwangu ni hela nyingi. Huyu wa kwanza anasema ameweka faili hilohilo kwenye XT nyingi na hakuna iliyorudi na shida.

Aliyeniuzia gari alishafunga filta ya wazi ya koni na ekzosi pana. Mengine yote ni ya kiwandani. Petroli naweka sheli yoyote ninayoikuta njiani. Ingekuwa nyinyi mngechagua lipi?

GTI_Mbezi

Mkuu, mimi nina Golf GTI Mk7 na niliweka faili lililo tayari. Gari iko vizuri, inavuta, haijawahi kuwasha taa ya injini. Kiwandani ni farasi 220 na Nm 350, sasa hivi inanipa zaidi ya hapo na matumizi ya mafuta mjini hayajabadilika. Kampuni kubwa kama APR hutengeneza faili kwa injini hiyohiyo, wanaipima kwa muda mrefu, na wana matoleo ya oktani tofauti (oktani ni uwezo wa petroli kutojilipukia yenyewe). Mimi nilichukua la oktani ya chini. Sioni kwa nini ulipe mara tatu. Ila niseme ukweli, gari yangu haijabadilishwa hata bomba moja, na mara nyingi inaishia hapahapa Dar.

Makambako_Diesel

EJ iache kama ilivyo, kaka. Jirani yangu aliwekewa faili la haraka kwenye Subaru WRX, haikumaliza mwaka. Pistoni ya silinda ya nne ilipasuka penye ringi. Injini nzima ilishushwa.

Fundi_Data_Iringa

Uyole_XT, nakuomba uweke bei pembeni kwanza. Gari nyingi zinazopanda mlima wa Kitonga zikiwa na homa huishia kwangu, na Subaru za turbo nazijua vizuri, kwa hiyo nitakuandikia kwa urefu.

GTI_Mbezi hajakosea. Faili lililo tayari ni kitu kizuri pale ambapo gari yako inafanana na gari iliyotumika kulitengeneza: injini ileile, mabomba yaleyale, mafuta yanayojulikana. Golf yake ni hivyo. Yako sivyo, na sababu kubwa ni hiyo filta ya koni uliyoitaja kama jambo dogo.

Kompyuta ya Subaru yako haikisii hewa inayoingia, inaipima. Kuna sensa ya hewa kwenye njia ya kuingilia, karibu na filta, nayo hutoa umeme kulingana na kasi ya hewa inayoipita. Ndani ya kompyuta kuna jedwali linalosema umeme kiasi hiki maana yake ni gramu kadhaa za hewa kwa sekunde. Jedwali hilo limeandikwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga filta yenye bomba pana, hewa ileile hupita taratibu, sensa inasoma pungufu, na kompyuta inamwaga mafuta pungufu. Ukiendesha polepole hutahisi kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona kasoro na kusahihisha. Ukikanyaga mpaka mwisho huku turbo imejaa, marekebisho yale ya papo kwa papo yanasimama na kompyuta inaenda kwa hesabu zake. Hesabu zenyewe ni za bomba ambalo huna tena. Hapo ndipo mafuta yanapungua, joto linapanda, na injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda.

Sasa huyo wa nusu saa anaongeza busti (msukumo wa hewa ya turbo) na kusogeza taimingi (wakati wa cheche ya plagi) mbele juu ya hesabu hizo. Filta yako hakuiandikia chochote. Ekzosi yako pana nayo inairahisishia turbo kuzunguka, kwa hiyo busti inaweza kuzidi ile iliyoandikwa kwenye faili. Kiwandani kuna kinga inayokata mafuta busti ikizidi kiwango. Muulize kwa maneno hayohayo kama faili lake limeiacha kinga hiyo au limeiondoa.

Njoo kwenye mafuta. Stika kwenye mfuniko wa tenki lako la Japani inadai petroli ya premiamu. Kwa kiwango cha Japani hiyo ni oktani 96 kwenda juu, ya kawaida kwao ni 89 kwenda juu. Maana yake hata faili la kiwandani liliandikwa kwa kutegemea mafuta mazuri. Wewe unaweka sheli yoyote, na siku ukikutana na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa oktani inashuka zaidi. Busti na taimingi vyote viwili vinakula oktani.

Halafu kuna hiyo barabara yako, ambayo naiona ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina kanieneo pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko Dar. Chukua mfano wa busti ya baa 0.9 Dar. Turbo inaikandamiza hewa kufikia karibu mara 1.9 ya ilivyokuwa nje. Kuipa injini kanieneo hilohilo Mbeya inabidi ifike karibu mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi na inatoa hewa ya moto zaidi. Kiwandani waliweka jedwali la kupunguza busti kadri unavyopanda juu. Aliyetengeneza faili lake usawa wa bahari anaweza asiligundue kabisa, kwa sababu kwake halifanyi kazi.

Na Kitonga unaijua. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, gari imejaa mizigo, unapanda kwa mwendo wa lori lililo mbele yako. Kipoza hewa ya turbo cha Forester kimelala juu ya injini na kinategemea upepo wa tundu la boneti. Kwa mwendo ule hakuna upepo, kinachokifikia ni joto la injini. Kisha inatokea nafasi, unakanyaga ulipite lori. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote kwa injini yako, na ndio huohuo unaoununulia nguvu. Tyuni yoyote ambayo haijapimwa pale bado haijapimwa kwa matumizi yako.

Pistoni za EJ ni za kusubu. Ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi haupendi kugongwa, na alichosema Makambako_Diesel kuhusu silinda ya nne kinajulikana kwa kila fundi wa Subaru.

Kabla hujamlipa yeyote, tafuta waya wa Openport (wa kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari) na laptopu, weka RomRaider, ni programu ya bure ya kurekodi data. Endesha gari ilivyo leo, na usichomoe betri kabla, kwa sababu utafuta yale ambayo kompyuta imejifunza. Niletee vitu vitatu: IAM (kiasi ambacho kompyuta inaiamini taimingi yake), FLKC (digrii za taimingi ilizojifunza kupunguza kwenye mizunguko fulani), na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza.

Uyole_XT

Asante sana mkuu, Mungu akubariki. Kijana wa dukani kwangu ana waya huo. Tumerekodi kutoka Uyole kupanda kuelekea Igawilo na kurudi. IAM ni 0.69. FLKC inafika -2.8 kati ya mizunguko 2,800 na 3,200. Marekebisho ya mafuta: gari ikiwa imesimama ni asilimia +3, mwendo wa kati +7, hewa ikiwa nyingi +11. Sijui kama ni mbaya.

GTI_Mbezi

Hiyo ni kwa faili la kiwandani? Bila tyuni yoyote?

Fundi_Data_Iringa

Ndiyo, kwa faili la kiwandani. Ndiyo maana nilimwomba apime kwanza.

Uyole_XT, IAM ya gari isiyo na shida ni 1.0. Yako imeshuka kwa sababu kompyuta imesikia kugonga na imerudisha taimingi nyuma kwenye eneo lote. FLKC -2.8 maana yake mizunguko ile imepunguziwa karibu digrii tatu zaidi. Kwa hiyo sasa hivi hizo farasi 230 huna, na sehemu ya nguvu unayotaka kuinunua ni yako tayari, imefungiwa ndani.

Angalia pia jinsi yale mafuta yanavyopanda: 3, 7, 11. Ingekuwa hewa inavuja kwenye mipira, kasoro ingekuwa kubwa gari ikiwa imesimama na kupungua unapokwenda. Yako inakua pamoja na hewa. Ni filta ile.

Wiki hii usimlipe mtu. Tafuta boksi la filta la kiwandani la SH5, Gerezani, Dar, yapo ya mtumba, lirudishe na sensa yake mahali pake. Badilisha plagi kama hujui umri wake. Jaza tenki sheli moja unayoiamini, kisha hapo ndipo usafishe kumbukumbu ya kompyuta na uendeshe kawaida mpaka ijifunze upya.

IAM ikirudi 1.0 na ikabaki hapo, endesha hivyo kwanza uone kama bado unaihitaji tyuni. Ukiihitaji, nenda kwa yule wa milioni na laki tatu, lakini mwambie kabisa kwamba gari inaishi Mbeya na inashuka Dar, na kwamba unataka data ya Kitonga iwe ndani ya kazi yake. Akikataa hilo, tafuta mwingine. Dai pia nakala ya faili lako la kiwandani kabla hajaandika kitu.

Safari ijayo ukirudi kutoka Dar, mpe laptopu aliyekaa pembeni yako, aanze kurekodi Ruaha Mbuyuni mpaka mwisho wa mlima. Ongeza joto la hewa inayoingia na busti kwenye orodha. Faili lote niwekee hapa, hata kama linaonekana zuri.