Ushauri: napigaje picha za wanawake kwenye ibada bila kuwakera?

Habari wakuu, nina mradi wa picha kuhusu nafasi ya wanawake kwenye ibada za dini mbalimbali, sasa shida nikizipanga naona karibu zote ni migongo na vitambaa vya kichwani, yaani ukiziangalia utadhani kazi yao ni kukaa nyuma na kulia tu. Kibali napewa na viongozi (wanaume watupu) ila nikiingia wamama wanajikunyata kabisa. Mimi ni me (mwanaume), lenzi ninazo 35mm (ya karibu) na 70-200 (ya kuvuta mbali). Nifanyeje?

Kipara_Lenzi: Hiyo 70-200 iache mkuu, kumvizia mtu anayesali toka mbali ni upaparazi. Shika 35, f/2 (tundu la lenzi wazi liingize mwanga), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) panda hata 3200, flashi zima, shata weka ya kimya isilie kachaa, ila chini ya taa za LED hiyo ya kimya huwa inaleta mistari mistari kwenye picha so jaribu kabla ibada haijaanza.

mama_wawili: Kibali cha kiongozi ni cha kuingia mlangoni, sura yangu ni yangu. Nenda mapema, kaa na hao wamama bila kamera, waulize wenyewe wapi hawataki. Na jamani kila mpiga picha anataka machozi, mbona hamtupigi tukipiga pasi vitambaa vya madhabahu, tukifundisha watoto, tukipika chakula cha waumini? Kuosha maiti ndo usithubutu.

Bila_Flashi: Dada kamaliza. Niongeze tu, siyo kila mahali wako nyuma. Attukal Pongala, sikukuu ya Wahindu kule Thiruvananthapuram, India, wanawake wanajaza barabara na mafiga ya matofali wanapika uji wa mchele na sukari guru wa kumtolea mungu wa kike, 2009 walifika milioni 2.5 wakaingia kitabu cha rekodi cha Guinness, moshi kila kona, pale mwanaume ndo anakaa pembeni. Halafu Ukuta wa Magharibi, Jerusalem, wanaposali Wayahudi, upande wa wanawake ni mdogo kuliko wa wanaume, mtoto wa kiume akifanyiwa bar mitzvah (sherehe ya kuingia utu uzima kidini) mama yake anapanda kwenye kiti cha plastiki achungulie juu ya uzio unaotenganisha pande hizo mbili. Piga hicho kiti na uzio, usiende tu siku ya Sabato, kamera hairuhusiwi.

Mwenye uzi: Kiti kimeniingia aisee. Dada, na wakikataa wote?

mama_wawili: Si wamekataa? Muombe mmoja wa humo humo apige yeye, na chini ya picha uandike jina lake siyo lako 😀