MREJESHO: Yule dada Mmarekani Mweusi aliyenikaushia kazini

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliomba ushauri hapa: idara yetu ya fedha huku Minneapolis ina Weusi watatu tu, na dada mmoja Mmarekani aliacha kunisalimia tangu niliposema kikaoni kwamba "sisi tuliotoka Tanzania mambo ya rangi hatuna".

Asanteni sana, hata mlionigombeza. Nilifuata ushauri wa kutopitia kwa bosi, niende mwenyewe na nisijitetee. Nilimkuta jikoni anapasha chakula, nikamwambia, "Yale maneno nilikosea, nisamehe." Akanyamaza mpaka mashine ikalia. Ndipo akaniambia ana miaka 19 pale, na siku ile niliposema vile, mabosi wote waligeuka wakamtazama yeye. Mimi sikuliona hilo kabisa. Liliniuma sana.

Sasa Alhamisi tunakula pamoja. Tukipishana kwenye korido ananitikisia kichwa, ile salamu ya Weusi wa huku hata wasiojuana. Na Juneteenth alinialika kwao, siku wanayokumbuka watumwa wa Texas kutangaziwa uhuru mwaka 1865. Imekuwa sikukuu ya taifa zima tangu 2021.

Umoja wa wafanyakazi Weusi nimejiunga kama mlivyosema, ila vikao vinagongana na kufunga hesabu, nimehudhuria kimoja tu. Na yule kaka wa tatu bado ananipita kama hanioni. Nimemwomba radhi mara moja, sitamlazimisha.

Dada uliyeniandikia "nenda kasikilize kwanza", Mungu akubariki.