Mfalme wa Bhutan aliyefia Nairobi

Nyar Kondele (Kisumu):
Wadau, nimesoma kwamba mfalme wa tatu wa Bhutan, Jigme Dorji Wangchuck, alifariki Nairobi Julai 1972. Shuleni hatukuwahi kutajiwa. Alikuwa mfalme wa namna gani? Na aliyemrithi je?

Mwalimu Mstaafu (Nakuru):
Ni kweli, binti yangu. Moyo ulimsumbua kwa miaka, akaja kutibiwa, mauti yakamkuta hapa kwetu. Mimi nimefundisha historia hapa Nakuru hadi nikastaafu, na huyu ninamheshimu kwa dhati. Aliposhika kiti mwaka 1952, Bhutan haikuwa na barabara ya gari. Ile ya kutoka Phuntsholing, mpakani na India, hadi Thimphu, mji mkuu, ilikamilika 1962. Aliwaachia huru watwana, akaunda bunge 1953, na 1971 nchi ikaingia Umoja wa Mataifa.

Lakini kubwa kwangu ni hili: mwaka 1964 waziri mkuu wake alipigwa risasi akafa. Mtawala mwingine angejizungushia bunduki na kunyamazisha watu. Yeye, kabla muongo haujaisha, alilipa bunge uwezo wa kumwondoa mfalme kwa theluthi mbili ya kura! Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka jambo hilo.

Mwanawe, Jigme Singye, alirithi akiwa na miaka 16. Mwaka 1998 aliwakabidhi mawaziri shughuli za serikali, na Desemba 2006 akamwachia kijana wake kiti. Katiba ya 2008 inamtaka mfalme astaafu akifika miaka 65, na misitu isipungue asilimia 60 ya nchi. Sisi tunaoutazama msitu wa Mau hapa kwetu tunajua uzito wa sharti hilo.

Omwana wa Bungoma:
Mwalimu, kwa heshima, mbona umewaruka Walhotshampa? Wale wa kusini wenye asili ya Nepal. Zaidi ya laki moja waliishia kambini mashariki mwa Nepal, chini ya huyo huyo Jigme Singye anayesifiwa kwa kupima maendeleo kwa furaha ya taifa.

Mwalimu Mstaafu (Nakuru):
Umesema kweli, mwanangu, na sitamtetea kwa hilo. Sheria ya uraia ya 1985 na sensa ya 1988 ziliwageuza watu wageni katika mashamba waliyozaliwa. Kuanzia 2007 wengi walihamishiwa nchi nyingine, hasa Marekani. Bhutan haikuwarudisha.

Nyar Kondele (Kisumu):
Asanteni. Na baba mtu alizikwa wapi?

Mwalimu Mstaafu (Nakuru):
Alirudishwa kwao. Mwili ulichomwa kwenye hekalu la Kurjey, wilayani Bumthang, kwa desturi ya Kibudha.