Asumini nyeupe juu ya karatasi mbichi: rangi inatoa mabaka

Mpakaji wa Wete
Assalaam alaykum. Nimezoea rangi ya mafuta, nyeupe unaipaka mwisho na inafunika. Sasa nataka kupaka asumini mbichi kwa rangi ya maji, karatasi ikiwa imeloweshwa kwanza. Kijani cha nyuma kinaingia ndani ya petali, karatasi (gramu 200) inafanya mabonde, na ikikauka panabaki mabaka yenye kingo za meno kama koliflawa. Nakosea wapi?

Bi Rehani
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Karatasi kwanza: chukua ya pamba, gramu 300 kwa kila mita ya mraba, uibandike kwenye ubao pande zote nne. Ya gramu 200 ikilowa sana lazima ivimbe, na rangi hukimbilia mabondeni.

Asumini haipakwi. Weupe wake ni karatasi yenyewe. Unachopaka ni kivuli kilicho nyuma yake. Chora ua kwa penseli nyepesi, kisha lowesha nje ya mstari tu, petali ziache kavu kabisa. Rangi ya maji hufuata maji, ikifika pakavu inasimama. Ukilowesha karatasi nzima, hakuna cha kuizuia.

Mabaka hayo ni suala la wakati. Inamisha ubao utazame mng'ao. Maji yakisimama kama kidimbwi, ngoja. Mng'ao ukiwa laini, sawa kila mahali, hapo ndipo pa kutia rangi. Mng'ao ukishapotea, gusa kwa mgongo wa kiganja: ukihisi ubaridi, karatasi bado ina maji ndani, basi usitie brashi kabisa. Brashi yenye maji mengi kuliko karatasi husukuma rangi iliyokwishatulia mpaka pembeni, na hapo ndipo meno yanapotoka. Kila ukichovya, kausha brashi kidogo kwa kitambaa.

Fundi Ubao
Naongeza la hapa kwetu. Masika hewa ina unyevu, kwa hiyo mng'ao unakaa muda mrefu. Usihesabu dakika za video za nchi zenye hewa kavu. Feni nayo usiielekeze kwenye karatasi, upande mmoja utakauka kabla ya mwingine. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi yaache, tumia ya kunywa.

Vitumba vichume alasiri vikiwa vimefunga, uvifunge kwa kitambaa kibichi. Asumini hufunguka jioni, na asubuhi petali zishaanza kuwa kahawia kingoni. Maliza penseli na vivuli usiku huohuo, taa ikiwa upande mmoja tu.

Mpakaji wa Wete
Shukran sana. Vivuli vya ndani ya petali je? Kijivu changu kinakuwa kichafu. Na gundi ya mpira ya kuzibia weupe?

Bi Rehani
Nyeusi usiiguse. Changanya buluu ya altramarini na siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu) kidogo, maji mengi, mpaka iwe hafifu kama moshi. Paka petali moja, ruka ya jirani, urudi ikikauka.

Gundi tumia kwa vikonyo na ncha ndogo. Chovya brashi kuukuu kwenye sabuni kwanza, la sivyo nywele zitagandana. Usianike juani, gundi itashikana na karatasi. Ing'oe gundi karatasi ikiwa kavu kabisa; karatasi ikiwa na unyevu, gundi itabanduka na nyuzi za karatasi, na pale ulipotaka weupe patakuwa na manyoya.