Coccinelle 1300: fileti ya gujoni imelika chini ya karteri, mafuta yanavuja

Dereva_Kamalondo
Jambo wakubwa. Gari langu ni Volkswagen Coccinelle 1300, moteri yake ya asili. Kile kifuniko cha duara chini ya karteri (mwili wa moteri), kinachobana chujio la mafuta, kinashikwa na ekru (nati) sita za M6, yaani za kipenyo cha milimita 6. Moja inazunguka bure: gujoni, ile skrubu isiyo na kichwa iliyozama karterini, inashuka pamoja nayo. Kila asubuhi kuna doa chini ya gari, na juenti (gasketi) zote mbili ni mpya. Mmoja ananishauri gundi ya chuma, mwingine anasema nishushe moteri. Nifuate lipi?

Fundi_Katuba
Usifuate hata moja, ndugu. Gundi haishiki kwenye chuma kilicholowa mafuta miaka yote hiyo, na kazi yote inafanyika gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi imara.

Karteri hiyo ni ya magnesiamu, laini kuliko gujoni. Mtu anaona tone, anakaza; linarudi, anakaza tena, mpaka fileti (meno ya skrubu) inang'oka. Kipimo cha kukaza ekru hizo ni Nm 7 (niutoni-mita) tu. Kama huna ufunguo wa kupimia, shika ufunguo wa 10 karibu na kichwa chake na ukaze kwa vidole viwili.

Kabla ya yote, hakikisha mafuta yanatoka hapo kweli. Osha chini, kausha, washa moteri dakika kumi, angalia kwa tochi. Mirija ya fimbo za valvu ikivuja, mafuta hutiririka mpaka kwenye kifuniko na kukudanganya. Yakidondoka pale moteri inapokutana na buati (giaboksi), hiyo ni sili ya upande wa ambreyaji (klachi), kazi nyingine kabisa.

Dawa ya tundu ni gujoni ya ngazi: M8 upande unaoingia karterini, M6 upande wa ekru. Mwaga mafuta, toa kifuniko na chujio, acha yadondoke usiku kucha. Gujoni mbovu ikigoma kutoka, funga ekru mbili juu yake, zibanane, kisha zungusha ile ya ndani. Pima kina cha tundu kwa waya na uweke alama ya utepe kwenye meshi (ncha ya kutobolea) ya 6.8 mm, usipitishe hapo. Toboa polepole, meshi ikiwa wima kabisa. Ikilala kidogo tu, kifuniko hakitaingia tena. Halafu tarodi (chombo cha kukata fileti) ya M8 × 1.25 yenye grisi kwenye mifereji yake: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, itoe mara kwa mara uifute.

Kuwa makini na unga wa magnesiamu, unashika moto upesi. Usiwashe mashine ya kusaga wala sigara karibu, na ukiwaka usimwagie maji. Weka ndoo ya mchanga mkavu kando.

Turneri_Kampemba
Naongeza kuhusu gujoni yenyewe, maana hapa Lubumbashi turneri (mchonga vyuma) yeyote mwenye tuu (mashine ya kuchongea) nzuri anaichonga. Mpelekee buloni (bolti) ya M8 ya daraja 8.8, si chuma laini cha kuchomelea madirisha. Mwambie mambo mawili.

Bega la M8 lizame kama milimita moja ndani ya uso wa karteri. Likichomoza, kifuniko kitakaa juu ya bega badala ya kubana juenti, na mafuta yataendelea kutoka hata ukikaza namna gani.

Jambo la pili ni urefu wa upande wa M6. Ekru za pale zimefungwa kichwani, kwa hiyo gujoni ndefu inagonga ndani ya ekru: mkono unasikia imekaza, kumbe kifuniko hakijabanwa. Linganisha na zile tano nzima.

Helicoil ya M6 (koili ya waya inayokuwa fileti mpya) nayo ni nzuri, ila inataka meshi ya 6.3 na tarodi yake maalumu. Tarodi ya kawaida haifai. Kwa tundu moja, mimi ningechonga ya ngazi.

Dereva_Kamalondo
Aksanti sana, wayaya. Na vipande vikiingia ndani ya moteri? Tena, nipake silikoni kwenye juenti?

Fundi_Katuba
Tundu linatazama chini, vingi vitaanguka vyenyewe. Bado, kabla ya kufunga, mimina lita moja ya mafuta ya bei nafuu kwenye mdomo wa kujazia, yatoke chini kwenye beseni safi.

Silikoni hapana. Inayobanwa ndani hukatika vipande, na bomba la pampu linanyonya papo hapo kwenye chujio. Safisha fileti za M8 kwa petroli, zikauke, paka gundi ya fileti ya nguvu ya kati, kidogo tu. Ukijaza tundu, gundi haina pa kukimbilia na gujoni inaweza kupasua karteri. Iache siku nzima.

Lalisha kifuniko juu ya kioo: kando ya matundu kikiwa kimepinda, kigonge taratibu mpaka kilale. Kisha juenti, chujio, juenti, kifuniko, rondeli (vipete bapa) za shaba, ekru. Kaza kwa kukingamanisha. Rondeli za zamani zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zitalainika. Fanya hivyo mbali na karteri. Jaza lita 2.5, tembea kidogo, moteri ikipoa rudia Nm 7 mara moja tu.